Historia ya Sanaa Kwenye Simu: Wanachodaiwa Wanafunzi wa Masisi na Walikale

Jumatano saa sita kasoro dakika tano usiku, mlango hufungwa. Huo ndio ukomo wa kukabidhi kazi za wiki katika University of the People, chuo kikuu cha mtandaoni chenye makao yake Marekani, kilichoanzishwa na Shai Reshef mwaka 2009. Lakini saa hiyo ni saa ya chuo, ambayo iko nyuma ya saa ya Greenwich kwa saa tano. Kwa mwanafunzi aliyeko Masisi au Walikale, maeneo mawili ya Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, ambako saa iko mbele ya Greenwich kwa saa mbili, mlango huohuo hufungwa Alhamisi asubuhi, saa moja kasoro dakika tano, watoto wakiwa njiani kwenda shule. Anayeijua hesabu hiyo ana usiku mzima wa ziada, tena usiku ndipo mtandao unapopumua kidogo. Asiyeijua hudhani amekwisha kuchelewa, akaacha kutuma kazi ambayo ingepokelewa.

Masomo ya mtandaoni yamejaa mambo ya namna hii. Hayasemwi kwa sauti, yameandikwa mahali fulani katika ukurasa wa kanuni ambao wengi huuruka, na ndiyo humwangusha mtu mwenye akili timamu na bidii ya kutosha. Somo la historia ya sanaa lina zaidi. Linabeba picha nyingi, hudai maandishi mengi, na wanaolichagua mara nyingi hulichukua wakidhani ni somo la kupumzikia: kutazama michoro na sanamu, kukumbuka majina mawili matatu, kisha kusonga mbele. University of the People hulitoa miongoni mwa masomo ya jumla, yale ambayo mwanafunzi wa kompyuta au wa biashara huyachukua ili kukamilisha shahada yake. Muhula una wiki tisa. Kila wiki kuna kurasa za kusoma, majadiliano ya maandishi na wanadarasa wenzako, insha, shajara ya masomo, majaribio mafupi, na kazi za wenzako za kusahihisha kwa vigezo vilivyowekwa. Chuo humshauri mwanafunzi atenge takriban saa 15 kwa wiki kwa somo moja.

Saa 15 ni nyingi popote pale. Masisi na Walikale ni nyingi zaidi.

Masisi ni nchi ya vilima na malisho, ya ng'ombe na jibini inayouzwa mpaka Goma na mbali zaidi. Walikale ni msitu mkubwa na mito, na ardhi yake ina bati, ikiwemo ya mgodi wa Bisie. Huko Rubaya, Masisi, huchimbwa koltani, madini yanayotoa tantali, na inakadiriwa kuwa eneo hilo peke yake hutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Tantali hutumika ndani ya simu na kompyuta. Kwa hiyo kijana anayefungua somo lake kwenye simu huenda ameshika kipande cha kilima anachokiona kutoka mlangoni kwao, ingawa mtandao wa kuiwezesha simu hiyo kufanya kazi humfikia kwa tabu.

Halafu kuna vita. Masisi mjini ilitekwa na waasi wa M23 mwanzoni mwa Januari 2025, na Goma ikafuata mwisho wa mwezi huohuo. Walikale mjini iliingia mikononi mwao tarehe 19 Machi, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Benki za Goma zilifungwa, na aliyetaka kulipa ada ya chuo cha ng'ambo alijikuta hana pa kupitishia dola zake. Familia zilihama, zikarudi, zikahama tena. Katika mazingira hayo, kumwambia mwanafunzi kwamba wiki ya masomo ni wiki ya masomo ni kumwambia jambo la kweli lisilomsaidia. La kumsaidia ni kumweleza mapema, kabla hajalipa hata faranga moja, nini hasa atadaiwa, kipi kinaweza kuahirishwa na kipi hakiwezi.

La kwanza atakalodaiwa ni macho yake. Sehemu ngumu zaidi ya historia ya sanaa haihitaji mtandao hata kidogo. Ni kazi ya kutazama kitu kimoja kwa muda mrefu na kukieleza kwa maneno yako mwenyewe kabla ya kusoma wengine walisema nini juu yake. Walimu wa somo hili huiweka katika ngazi: kwanza unaeleza unachokiona, kisha unachambua jinsi sehemu za kazi hiyo zinavyofanya kazi pamoja, kisha unaleta mazingira, yaani nani alikitengeneza, kwa ajili ya nani, lini na kwa sababu gani. Mwisho ndipo unaruhusiwa kusema kina maana gani. Wanafunzi wengi huanzia mwisho.

Mfano mzuri uko karibu. Balega wanaishi hasa Shabunda na Mwenga upande wa Kivu Kusini, na Pangi upande wa Maniema. Msitu wao ni uleule unaoendelea hadi Walikale, ambako watu wa sekta ya Bakano wana udugu nao. Sanaa ya Balega imo katika makumbusho makubwa ya dunia, na mwanafunzi wa historia ya sanaa hawezi kwenda mbali bila kukutana nayo. Tuseme wiki hii mwalimu ameweka picha ya lukwakongo, kinyago kidogo cha mbao.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba kinyago hiki ni kizuri sana na kinaonyesha utajiri wa utamaduni wa Kiafrika. Alama chache. Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa juu ya kinyago chochote, na mtu ambaye hajakiona kabisa. Anayetazama ataandika kwamba kinyago ni kidogo kuliko uso wa mtu mzima. Kwamba uso wake umechongwa kuingia ndani, ukafanya umbo linalokaribia moyo. Kwamba pua ni ndefu na nyembamba, macho ni mianya tu, mdomo ni mdogo. Kwamba udongo mweupe umepakwa usoni na kidevuni zinaning'inia ndevu za nyuzi za mimea, ndefu kuliko kinyago chenyewe. Kisha atauliza swali ambalo maelezo yake mwenyewe yamelizaa: ikiwa ni kidogo kuliko uso, kilivaliwaje?

Hapo ndipo somo linapoanza kupata utamu. Lukwakongo hakikukusudiwa hasa kuvaliwa usoni. Kilikuwa mali ya mtu aliyepanda daraja katika Bwami, chama cha Balega chenye ngazi nyingi, ambamo mtu hupanda kwa maadili yake, kwa msaada wa jamaa zake, na kwa mali aliyoweza kuikusanya na kuigawa. Vinyago hivi vya mbao huhusishwa na ngazi ya yananio. Vile vya pembe za ndovu ni vya kindi, ngazi ya juu kabisa. Wakati wa sherehe kinyago kingeweza kufungwa mkononi, kushikwa kwa ndevu zake, kuburutwa chini, kutundikwa kwenye uzio au kulazwa pamoja na vingine. Kila tendo lilikwenda na wimbo, ngoma na methali, na maana ilikuwa katika mkusanyiko huo. Kitu kimoja kingeweza kubeba mafunzo zaidi ya moja, kulingana na mwalimu wa sherehe alivyokitumia siku hiyo. Mtu wa nje hakuruhusiwa kuviona.

Picha ya makumbusho haionyeshi lolote kati ya hayo. Inaonyesha uso mweupe juu ya kitambaa cheusi, taa ikimulika kutoka upande mmoja, na mara nyingi hata ndevu hazipo tena. Mwanafunzi anatakiwa kuieleza picha hiyo kwa uaminifu na papo hapo kukumbuka kila ambacho picha imekiacha. Anatakiwa pia kujiuliza kama ni halali yeye, ambaye hakupitia Bwami, kukitazama kitu hicho kwenye kioo cha simu. Swali hilo halina jibu moja, na insha nzuri hailikimbii.

Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji aliyeishi na Balega katika miaka ya 1950, ndiye aliyeandika kwa kina kuliko wengi juu ya vitu hivi. Kitabu chake kikubwa, Lega Culture, kilitoka mwaka 1973. Alifika wakati mgumu. Serikali ya kikoloni ilikwisha kuipiga marufuku Bwami mwaka 1933, ikairudia marufuku hiyo mwaka 1948. Mwanafunzi anayesoma kwamba kinyago fulani kiliingia Ulaya katika miongo hiyo anapaswa kuisoma tarehe hiyo sambamba na zile mbili.

Kuna wanaouliza kwa nini kijana wa Nyabiondo, Masisi, asome mahekalu ya Ugiriki na makanisa ya Italia. Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba somo lenyewe limebadilika, ingawa si kwa kiwango cha kuridhisha. Chukua orodha ya kazi 250 ambazo mwanafunzi wa sekondari ya Marekani hutakiwa kuzijua ili afanye mtihani wa historia ya sanaa wa kiwango cha chuo. Sehemu inayohusu Afrika baada ya mwaka 1100 ina kazi 14 tu. Ni chache mno kwa bara zima. Lakini kati ya hizo 14, nne zinatoka katika Kongo: sanamu ya mfalme wa Wakuba iitwayo ndop, nkisi n'kondi ya Bakongo iliyopigiliwa misumari, kinyago cha mwanamke cha Wachokwe kiitwacho pwo, na lukasa ya Waluba.

Lukasa inafaa kutazamwa kwa muda. Ni ubao unaoshikika mkononi, uliopambwa kwa shanga na vipande vya chuma au kwa michongo. Wazee wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa vidole na kuusimulia: huyu ni mfalme fulani, hii ni safari yake, hapa ndipo alipoweka makao. Mpangilio wa shanga ulikuwa msaada wa kumbukumbu, na msimulizi aliyefunzwa aliweza kuusoma tofauti kulingana na hadhira iliyokuwa mbele yake. Mwanafunzi akiielewa lukasa vizuri, ameelewa kwamba historia iliandikwa Kongo kwa njia nyingine kabla ya kalamu, na hatakubali kirahisi tena kitabu kinachoanza kuihesabu sanaa ya Kongo siku Mzungu alipoinunua.

Tuje kwenye maandishi, kwani huko ndiko alama zinakopotelea. Insha ya historia ya sanaa hudai mambo matatu ambayo shule nyingi za sekondari za Kivu hazikuyatilia mkazo. Kwanza, kila picha iandikiwe taarifa zake: aliyeitengeneza, jina la kazi, mwaka, imetengenezwa kwa kitu gani, vipimo, na iko wapi sasa. Kwa vitu vya Kongo, mahali pa jina la msanii mara nyingi pana pengo. Makumbusho ya zamani yaliandika kwamba msanii hajulikani. Siku hizi wengi hupendelea kusema jina lake halikurekodiwa, na hiyo ni kauli ya haki zaidi, maana kijijini kwake alijulikana vizuri. Pili, kila wazo la mtu mwingine liwekewe chanzo. Katika fani hii mtindo unaotumika sana ni ule wa Chicago wenye tanbihi chini ya ukurasa, ingawa University of the People hutumia mtindo wa APA, unaoweka jina na mwaka ndani ya mabano. Mwanafunzi aulize mapema chuo chake kinataka upi, asije akapoteza alama kwa nukta na mabano. Tatu, ajifunze kutofautisha kunukuu na kuiba. Kunakili aya ya mtu bila kumtaja ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu chuo, na programu za kukagua hulinasa hata pale maneno machache yalipobadilishwa.

Suala la akili mnemba limeingia hapohapo. Vyuo vingi sasa vina kanuni zake juu ya matumizi ya programu zinazoandika zenyewe. Vingine huruhusu kiasi fulani kwa sharti la kutangaza, vingine hukataza. Nje ya kanuni kuna sababu ya kielimu. Programu hizo huandika kwa ufasaha juu ya kazi mashuhuri ambazo maelfu wamekwisha kuziandikia, lakini zikiulizwa juu ya kitu cha pembezoni, kwa mfano kifaa cha ibada cha Wanyanga wa Walikale kilichowekwa katika droo ya makumbusho, huweza kubuni tarehe na matumizi yasiyokuwepo. Mwanafunzi aliyeshindwa kutazama kwa macho yake hana njia ya kuligundua kosa hilo.

Lugha nayo ni mlima. Mwanafunzi wa Masisi amesoma kwa Kifaransa, anaongea Kiswahili sokoni, na nyumbani labda Kihunde au Kinyarwanda; wa Walikale labda Kinyanga au Kikomo. University of the People hufundisha hasa kwa Kiingereza, na asiye na ushahidi wa kukijua vya kutosha hutakiwa kuanza na kozi ya lugha hiyo. Anayetaka Kifaransa ana jukwaa la FUN la Ufaransa, lililofunguliwa mwaka 2013, pamoja na kozi ya bure ya historia fupi ya sanaa iliyotengenezwa na Grand Palais ya Paris kwa ushirikiano na wakfu wa kampuni ya Orange. Kwa Kiingereza, Smarthistory, kazi iliyoanzishwa na Beth Harris na Steven Zucker mwaka 2005, hutoa makala na video bila malipo, na inazo kazi nyingi za Kiafrika. Lugha yoyote itakayochaguliwa, kuandika maelezo ya kwanza kwa Kiswahili si udhaifu. Mtu huona zaidi kwa lugha anayoifikiria. Tafsiri ije baadaye.

Sasa hesabu ya mega. Hapa watu hupoteza pesa bure. Video ya saa moja kwa ubora wa wastani hula karibu mega 300, na ya ubora wa juu hula mara kadhaa ya hizo. Mhadhara huohuo ukisikilizwa kama sauti tu, kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, haufiki mega 30 kwa saa. Maandishi matupu ni kidogo zaidi. Picha moja nzuri inaweza kuwa na nusu mega ikiwa imepunguzwa, au mega tano ikiwa haijaguswa. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye mpango hupakua maandishi na sauti za wiki nzima siku anayoshuka penye mtandao mzuri, akachukua picha chache kwa ukubwa kamili, zile tu atakazoziandikia, na insha akaiandika nje ya mtandao. Wanaoandaa masomo nao wana wajibu wao. Mwalimu anayeweka video ya saa mbili bila maandishi yake amemfungia nje mwanafunzi wa Pinga, Walikale, bila kujua, na hilo ni rahisi kurekebisha kuliko barabara ya Sake hadi Walikale. Tangu Mei 2025 Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti, ina leseni ya kufanya kazi Kongo, na kwa sehemu zisizo na minara huo ni mlango mpya, ingawa bei ya kifaa inazidi uwezo wa familia nyingi ikiwa haitanunuliwa kwa kuchangiana.

Kuchangiana ndiko kulikoonyesha matunda mahali pengine. Katika kambi ya Kiziba, wilayani Karongi, Rwanda, wanaishi Wakongo waliokimbia Kivu Kaskazini, wakiwemo watu wa Masisi, tangu mwaka 1996. Mwaka 2015 taasisi ya Kepler ilifungua kituo humo ili wakimbizi wasomee shahada ya Southern New Hampshire University ya Marekani kwa njia ya mtandao. Mfumo wa chuo hicho haukutoa alama za kawaida. Shahada ya awali iligawanywa katika stadi 120. Mwanafunzi alifanya kazi za mradi, zikasahihishwa Marekani, na jibu likawa moja kati ya mawili: umeimudu, au bado. Aliyeambiwa bado alisoma maoni, akarekebisha, akatuma tena. Kilichowabeba wanafunzi ni kwamba hawakuachwa peke yao na kioo. Kulikuwa na chumba, umeme, kompyuta, na walimu wa ana kwa ana wa kuwasaidia kuelewa kazi inataka nini. Huko Kakuma, Kenya, Chuo Kikuu cha Princeton na kituo cha InZone cha Chuo Kikuu cha Geneva vilifanya jambo linalofanana kwa kozi ya historia ya dunia, wakimbizi wakisoma mihadhara ileile na wanafunzi wa nchi nyingine.

Masisi na Walikale hazina kituo cha namna hiyo, lakini parokia, shule au nyumba ya mwalimu yenye paneli ya jua inaweza kuwa mwanzo. Watu wanne wanaosoma somo moja hupakua mara moja na kugawana kwa kadi ya kumbukumbu. Hutazama picha pamoja na kubishana juu ya wanachokiona, na mabishano hayo ni nusu ya insha. Tena huzoea kukosolewa, jambo linalohitajika pale kazi ya mwanafunzi inaposahihishwa na wenzake aliowahi kuwaona kwa majina tu. Kusahihisha kwa haki ni sehemu ya somo: kusema aya ya pili haina ushahidi, na kuonyesha ni ushahidi gani ungefaa, badala ya kuandika tu kwamba kazi ni nzuri.

Juu ya pesa na vyeti, machache yanatosha. University of the People haitozi ada ya mafundisho, ila kuna ada ya kujiunga na ada ya tathmini kwa kila somo, na ikijumlishwa kwa shahada nzima ni maelfu ya dola. Zipo fedha za ufadhili za kuombwa. Kongo sasa inafuata mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), wenye kredi 60 kwa mwaka, na kila chuo kina utaratibu wake wa kupokea kredi za kwingine. Mtu anayepanga kuhamia chuo cha Goma baadaye aulize ofisi ya masomo kwa maandishi kabla ya kuanza. Anayetaka kuwa mchoraji au mchongaji, historia ya sanaa peke yake haitamtosha. Shule ya kazi hiyo ni Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, iliyozaliwa Gombe-Matadi mwaka 1943.

Wazazi watauliza: atakula nini na somo hili? Kuna kazi moja inayowasubiri watu wa Walikale na Masisi kuliko wengine wote. Mwezi Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu wa Kongo wa wakati huo, Sama Lukonde, orodha ya vitu takriban 84,000 vya Kongo vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels. Juni mwaka huohuo Mfalme Philippe alikileta Kinshasa kinyago cha Wasuku kiitwacho kakuungu, kama mkopo usio na kikomo, kikawekwa katika makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa mwaka 2019. Kabla kitu chochote hakijarudishwa, lazima mtu aeleze kilitoka kijiji gani, kilikuwa cha nani, kiliondokaje. Kadi nyingi za makumbusho haziyasemi hayo, au huyasema kwa mstari mmoja ulioandikwa na ofisa wa kikoloni. Mtafiti aliyefunzwa kutazama na kutaja vyanzo, ambaye pia anaijua lugha na anajua mzee wa kumuuliza, ni nadra. Kijana wa Walikale tayari ana nusu ya sifa hizo.

Mkoa wa Kivu Kaskazini umewahi kuonyesha kazi kama hiyo inavyofanywa. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, msimulizi Shekarisi Rureke aliuimba, kuusimulia na kuuigiza utenzi wa Mwindo kwa siku 12, kijijini akiwa na wapigaji ala na waitikiaji wake. Biebuyck na wasaidizi wake waliandika alichosema, na mwaka 1969 kitabu kikatoka kwa majina ya wahariri wawili, Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga ambaye alikuja kuwa mwanaisimu mashuhuri. Jina la Rureke limo kitabuni, pamoja na habari za maisha yake na jinsi alivyojifunza kusimulia. Wachongaji wengi wa vinyago vilivyochukuliwa katika miaka ileile hawakuandikiwa hata jina.

Mwanafunzi anayeandika leo juu ya kitu cha Walikale kilichoko Tervuren anaweza kwenda kwa mzee akiwa na picha hiyo kwenye simu. Aombe ruhusa kabla ya kuionyesha, kwa sababu huenda kikawa kitu kisichopaswa kuonwa na kila aliyeketi barazani. Aeleze anataka maneno hayo kwa ajili gani na nani atayasoma. Mzee akikataa, insha iseme kwamba amekataa, bila kumlaumu. Akikubali, tanbihi iwe na jina lake ikiwa ameridhia litajwe, kijiji, tarehe ya mazungumzo na lugha aliyoizungumza, kisha maneno yake kwa lugha hiyohiyo, na tafsiri chini yake.